Waliotangulia Lagos

Wachezaji wa Taifa Stars walioshiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 jijini Lagos walikuwa Watanzania wa kwanza kufika hatua hiyo. Tiketi ilipatikana mwaka 1979 mjini Ndola, Zambia. Stars walikuwa wameifunga Zambia 1-0 nyumbani, na kule ugenini, wakiwa nyuma kwa bao moja, Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho.

Lagos walifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, waliokuja kutwaa kombe, kisha 2-1 na Misri, na wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria. Mabao mengine mawili yalikuwa ya Thuwein Ally.

Wakati huo soka la Tanzania lilikuwa la ridhaa. Hapakuwa na ada za usajili za mamilioni, na wengi walitegemea ajira nje ya uwanja. Ndiyo maana wakongwe wakikumbuka enzi zao, huzungumzia zaidi heshima ya jezi kuliko fedha. Wachache walibaki katika soka kama viongozi: nahodha Leodegar Tenga aliongoza Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) kuanzia 2004 hadi 2013.

Tanzania ilirudi fainali hizo mwaka 2019, baada ya miaka 39. Wakongwe hao wanastahili kusikilizwa na kuenziwa wangali hai, si kwa salamu za rambirambi.