Moshi wa Nani?

Hapa Mlandege, Iringa, tunaiandaa Yamaha DT 125 ya miaka ya 1970 kwa mbio za pikipiki za zamani. Injini yake ni ya mipigo miwili: oili huingia pamoja na petroli, hulainisha pistoni, kisha huungua na kutoka moshi. Ukipunguza oili, pistoni inakwama. Ukizidisha, mama muuza nyanya jirani anakohoa. Fundi anasema bora moshi kuliko kuchonga silinda upya.

Mbona daladala nazo zinatoa moshi? Kweli, lakini daladala humbeba na mama huyo. Pikipiki hii inabeba furaha yangu tu. Kwa hiyo naona majaribio tukayafanyie uwanjani, mbali na meza yake. Anayependa mambo ya kale ayagharamie kwa mapafu yake mwenyewe.