Uzi Kabla ya Mteja

Mtu anayefungua duka la nyuzi na vitambaa vya kushonea mifarishi kisiwani Chisenga, Zambia, pale Mto Luapula unapomwagika katika Ziwa Mweru, lazima aamue aweke uzi gani rafuni kabla mteja wa kwanza hajapiga hodi. Uamuzi huo huhesabiwa kuwa wa mtaji tu: kipi kina faida, kipi kitatoka haraka. Mimi nashikilia kwamba ni uamuzi wa dhamiri, tena ndio mzito kuliko yote atakayofanya dukani. Uaminifu wa muuza uzi hujengwa au hubomoka siku anaponunua bidhaa, na siku ya kuuza huwa amekwisha kuchelewa.

Waliolitafakari suala la uaminifu sokoni waliuweka zaidi mdomoni mwa muuzaji. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, mwaka 44 kabla ya Kristo alieleza kisa cha mfanyabiashara aliyefikisha nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, huku akijua meli nyingine za nafaka ziko njiani. Awaambie watu, au anyamaze auze ghali? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alisema kumficha mnunuzi jambo ni kuuvunja udugu wa wanadamu. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 13, alifundisha kwamba kasoro iliyojificha lazima itajwe, lakini ile iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, si lazima. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alitaka kasoro zote zitajwe, za wazi na za siri. Waislamu wanakijua pia kisa cha Mtume aliyetia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake. Mafundisho haya nayaheshimu. Ila yote yanachukulia kwamba kasoro au jambo linalofichwa lipo tayari wakati wa kuuziana, na kwamba muuzaji ama analijua, ama angelijua akitia mkono.

Uzi haufuati utaratibu huo. Ubaya wake haujifichi chini ya lundo, umejificha katika miezi ijayo. Rola mbili zikiwekwa pamoja juu ya meza ya duka zinang'aa sawa. Moja imesokotwa kwa nyuzinyuzi ndefu, nyingine kwa vipande vifupi ambavyo vitaanza kutoa manyoya kwenye tundu la sindano na kukatika mfarishi ukifuliwa mara kadhaa. Rangi nyekundu inayopendeza leo inaweza kuchuja na kulitia doa pambo jeupe lililoshonwa kwa wiki nzima. Pamba ikikaa na unyevu huvunda, nailoni ikikaa juani hudhoofika, na kisiwa kilichozungukwa na maji na vinamasi kina jua na unyevu vyote viwili. Hata uimara wenyewe unadanganya. Mafundi wengi wa mifarishi hupendelea uzi ulio dhaifu kidogo kuliko kitambaa, kwa sababu mvuto ukizidi, mshono ukikatika utashonwa tena, ilhali kitambaa kikichanika hakina dawa. Basi muuzaji anayesema kwa moyo mweupe, "Huu ndio mgumu kuliko yote," aweza kuwa amesema kweli na bado amemharibia mtu kazi. Wala hawezi kutaja kasoro asiyoijua. Fursa yake ya kuijua ni kabla: kuuvuta uzi, kuutazama kwenye mwanga kama una manyoya, kuuchemsha pamoja na kitambaa cheupe, kusoma namba ya rola, ambayo kwa kawaida ikiwa kubwa uzi huwa mwembamba. Asiyefanya hivyo hatadanganya kwa ulimi, lakini amechagua kutojua. Kwangu hilo ni kosa kamili.

Kuna jambo la pili linaloonekana vizuri zaidi Chisenga kuliko mjini. Pwani ya Mweru, mkono unaoshona nguo mara nyingi umo katika nyumba iliyo na nyavu, na muuza uzi ataulizwa pia uzi wa kusukia na kuzibia nyavu. Hapo aliyenunua si peke yake atakayebeba matokeo. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, aliadimika mno katikati ya karne ya 20 baada ya nyavu kutegwa kwenye njia yake ya kupandia. Hasara hiyo ilirithiwa na watoto ambao hawakuwapo nyavu ziliponunuliwa. Wavu wa pamba ukipotea majini huoza. Wa nailoni huendelea kunasa bila mwenyewe. Zambia hufunga uvuvi wa Mweru kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane, na wavuvi hutii au hukamatwa. Wavu uliopotea hauna habari ya Desemba. Anayeuza uzi wa nyavu ana deni kwa watu ambao hawatakanyaga kamwe dukani kwake, na deni hilo halilipwi kwa kumweleza ukweli yule aliyesimama mbele yake.

Nitaambiwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na soko litachuja lenyewe. Methali hiyo ni ya kweli kwa embe na kwa samaki, vitu ambavyo ubaya wake unanuka. Uzi haunuki. Tena soko huchuja pale mteja anapoweza kuhama; wa kisiwani anayetaka zaidi ya kilichopo hupanda boti kwenda Nchelenge au Kashikishi, na nauli inameza nafuu yote. Kwake, rafu ya duka ndiyo mipaka ya hiari. Wengine watasema, nisipouza mimi atauza jirani. Huenda. Lakini hoja hiyo ingemhalalishia kila mtu kila kitu, na jirani naye anaitumia hiyo hiyo kwa kunitaja mimi.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la umaskini. Anayeshona mfarishi wa mtoto kwa mabaki ya vitenge ana kwacha chache, na kumnyima uzi wa bei nafuu kwa jina la maadili ni kumwamulia maisha kutoka mahali pa raha. Nakubali kwamba uzi wa rahisi haupaswi kufutwa rafuni. Uzi wa kupiga bandi, utakaofumuliwa kesho yake, hauhitaji kuwa bora. Kinachopaswa kufutwa ni uzi usiofaa kwa kazi yoyote, ambao nafuu yake ni kuulipia mara mbili. Na mtaji mdogo una njia yake. Badala ya rangi 30 za uzi hafifu, duka lianze na 5 au 6 za uzi uliopimwa: nyeupe, nyeusi, buluu iliyoiva, na hasa kijivu na rangi ya mchanga, ambazo huzama katika kitenge cha maua mengi bila kuonekana. Rola kubwa izungushwe kwenye vijiti vidogo, iuzwe kwa urefu ambao mtu anaumudu. Rafu hiyo haitavutia macho kama ile ya rangi 30, na miezi ya kwanza wateja watauliza zambarau iko wapi.