TUNAMWITA MJOMBA: JE, TUMEMPA KITI?

Somo: Mambo ya Walawi 19:33-34

 

Somo letu ni fupi, lakini ni zito. Mungu aliwaamuru Waisraeli wasimwonee mgeni anayekaa katika nchi yao, bali wamhesabu kuwa mwenyeji na kumpenda kama wanavyojipenda wenyewe. Tena aliwapa sababu. Hakusema kwamba mgeni ni mwema kuliko watu wote, wala kwamba atawaletea mali. Aliwakumbusha Misri: na ninyi mlikuwa wageni. Amri hii imesimama juu ya ukumbusho. Anayesahau njia iliyomleta hawezi kuitii.

Basi, tutazame mitaa yetu. Katika Katuba, katika Kenya, katika Ruashi na katika kambi za zamani za wafanyakazi, mambo yamegeuka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi waliona pesa ile ikiisha upesi. Mzee mwenye parsele akajenga vyumba viwili vitatu nyuma ya nyumba, na kodi ikawa mshahara wake. Ni nani anayelala ndani ya vyumba hivyo leo? Ni vijana, na wengi wao wametoka Kasai. Wengine wamefika kwa treni, wengine juu ya mizigo ya malori. Wanalala watano, sita, katika chumba kimoja. Pikipiki zao zinalia kabla ya jogoo. Nao wazee wanaketi mlangoni wakisema: Mtaa huu si wetu tena, hatuwajui watu hawa.

Wazee wetu, tunawaheshimu. Lakini tuulizane: mtaa huu ulikuwa wa nani? Nchi hii ilikuwa na wenyewe, na machifu wake, kabla ya wazungu. Bali mji wenyewe ulianza mwaka 1910, mwaka ule reli ilipofika kutoka kusini. Union Minière ilitafuta mikono kila upande: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Urundi. Mwaka 1928 reli ilifika hata Ilebo, kando ya mto Kasai. Kijana wa siku zile alishuka gare na kifurushi chake, bila mke, bila kuijua lugha ya jirani. Kiswahili alikipata kazini. Huyo ndiye babu wa wengi wetu. Reli iliyomleta yeye ndiyo iliyomleta kijana wa leo.

Tena sisi tunaomfuata nabii tuna sababu nyingine. Simon Kimbangu hakuzaliwa hapa. Alihukumiwa mwaka 1921, akaletwa mbali na Nkamba, mbali na mke na watoto, na tarehe 12 Oktoba 1951 alifariki hapa, akiwa bado mfungwa. Karibu miaka 30! Mji huu haukumpa mlango mwingine ila mlango wa gereza. Tutawezaje kuimba juu ya mateso yake siku ya Bwana, na siku ya Jumatatu kumfungia mlango mtoto wa mtu aliyetoka mbali?

Wandugu, hatusemi neno hili kwa mchezo. Miaka ya 1992 na 1993 tuliona. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika Shaba, hasa Likasi na Kolwezi, hata wale waliozaliwa hapa na wasiojua kijiji kingine. Walilala gare majuma na miezi wakingoja treni. Watoto walikufa, wazee walikufa. Na mambo hayo yalianza wapi? Kabla ya jiwe na moto kulikuwa na neno. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mtu akiisha kuitwa mdudu, mkono wa kumponda hauko mbali.

Leo kijana wa pikipiki anaitwa manseba. Kwa Tshiluba, manseba ni mjomba, ndugu ya mama. Angalieni jina hilo! Wengine wanalitamka kwa dharau, lakini mdomo wao unasema kweli wasiyoijua. Mjomba hasimamishwi uani. Mjomba hupewa kiti, hupewa maji ya kunawa, huwekewa bukari mezani. Ikiwa tunamwita hivyo barabarani, tumwite hivyo na nyumbani.

Mtu atasema: Wezi wamezidi. Kweli, wizi upo. Lakini mwizi ana jina lake na mama yake aliyemzaa. Kabila si jina la mwizi. Aliyeiba apelekwe mbele ya sheria, yeye peke yake. Tusihukumu gari zima la treni kwa sababu ya abiria mmoja.

Nanyi vijana mliofika, neno hili linawahusu. Msemalie mzee jambo kabla hajawasalimu ninyi. Zimeni mashine ya pikipiki mnapopita penye matanga. Msiendeshe mkiwa mmelewa. Lipeni kodi siku mliyoahidi. Mgeni mwema huufungulia mlango mgeni anayemfuata.

Basi, juma hili tufanye mambo matatu. La kwanza: kila nyumba imwulize mpangaji wake jina lake kamili na jina la mama yake, maana usiyemjua jina ni rahisi kumchukia. La pili: mwenye parsele asidai garanti ya kumkamua mtu ambaye hajapata hata kazi. La tatu: mashemasi, kijana akifika mlangoni pa hekalu na koti lenye vumbi la barabara, msimwache nyuma kabisa. Mpeni nafasi katikati ya wababa, ili ajue ana wababa mjini.

Siku moja watoto wa vijana hawa watakuwa wazee wa mitaa hii, nao watawasimulia wajukuu jinsi walivyopokelewa. Tuwape habari njema ya kusimulia.

Bwana Mungu aliyewatoa baba zetu mbali na kuwapa makao katika mji huu aupe mji wetu amani, awalinde watoto walio njiani, alainishe mioyo ya wenye nyumba. Kwake yeye utukufu, sasa na hata milele. Amina.