Baharia Naye Alikuwa Vitani

Wiki hii, mazungumzo ya barazani yalipofika kwenye Vita Kuu ya Pili, mzee mmoja aliwapuuza mabaharia wa meli za mizigo: "Wale walifuata mshahara tu." Kauli hiyo imenikera, na mpaka leo haijanitoka.

Haya, tuutazame huo mshahara. Mpaka mwaka 1941, meli ya Uingereza ilipozamishwa na nyambizi ya Wajerumani, kwa kawaida mshahara wa baharia ulikatwa siku hiyohiyo. Yeye yumo mashuani katikati ya Atlantiki, hajui kama atapona, na huku ofisini hesabu yake imeshafungwa. Ni kibarua gani hicho cha kumtamanisha mtu?

Novemba 1942, meli ya Benlomond ilipigwa torpedo ikitoka Cape Town. Ilizama kwa dakika chache, na aliyenusurika ni mmoja tu: Poon Lim, mhudumu Mchina. Alikaa juu ya chelezo siku 133. Alikinga maji ya mvua kwa turubai. Chakula kilipokwisha, alichomoa waya ndani ya tochi, akaukunja ukawa ndoana, akavua samaki na kuwaanika. Wavuvi wa Brazili ndio waliomwokoa. Mfalme wa Uingereza akamtunuku medali.

Lakini Wachina wenzake waliokuwa na makao Liverpool, waliovuka bahari ileile kwa ujira mdogo kuliko wa Waingereza, walitendewaje? Vita vilipokwisha, mwaka 1945 na 1946, serikali iliwakusanya kimyakimya na kuwarudisha Asia kwa mamia. Wapo walioacha wake na watoto bila hata kuagana nao. Watoto hao walikua wakiamini baba zao wamewatelekeza.

Najua nitaambiwa kwamba vita ni vita, kila mtu aliumia. Ni kweli. Ila Uingereza ni kisiwa. Ngano, nyama na mafuta vilifika kwa meli hizo, na bila hivyo askari asingekula wala ndege isingeruka. Je, aliyevileta atahesabiwaje kuwa mpita njia?

Msimamo wangu ni huu: anayepeleka chakula palipo na mauti yumo vitani, awe na bunduki au asiwe nayo. Taifa lililoshiba kwa jasho lake lina deni kwake na kwa wanawe, na deni hilo halilipwi kwa kumvisha medali mtu mmoja.