Mlinzi Aliyelala



Kila nyumba ina mlinzi wake. Mguu nao una mlinzi, na mlinzi huyo ni maumivu. Ukikanyaga msumari, anapiga kelele. Kiatu kikibana, anapiga kelele. Maji yakiwa ya moto mno, anapiga kelele, nawe unautoa mguu upesi.

Sasa wewe unayeishi na kisukari, nisikilize vizuri. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huharibika, na mlinzi analala. Mwiba unaingia, kimya. Lengelenge linapasuka, kimya. Mtu anashinda sokoni na kijiwe ndani ya kiatu, wala hajui. Na damu isipofika vizuri mguuni, kidonda hicho kidogo kinakawia kupona, kinachimba ndani.

Basi lindo ni lako. Kila jioni osha miguu, ikaushe, hasa katikati ya vidole. Kisha itazame. Unyayo huuoni? Weka kioo chini, au mwite mjukuu akukagulie. Watoto wana macho makali. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Sugu usiikate kwa wembe, nakuomba sana.

Na asubuhi hii, kabla hujatoka, kung'uta viatu vyako, ingiza mkono ndani, papasa. Ukiona kidonda, hata kama hakiumi, hasa kama hakiumi, pitia kituo cha afya leo hii. Kazini utafika baadaye.