Mizani ya Amosi na Haki ya Mungu



Tusomapo vitabu vya manabii, mara nyingi twaingiwa na hofu. Twaona hasira, moto na miji iliyobomolewa, nasi twauliza: Je, huyu ndiye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo? Basi tumtazame nabii Amosi, tupate kufahamu hukumu hiyo yatoka wapi.

Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa katika nchi ya Yuda, na mtunza mikuyu. Yapata mwaka 750 kabla ya Kristo alitumwa kaskazini, kwenye ufalme wa Israeli, zamani za mfalme Yeroboamu wa pili. Nchi ilikuwa na mali. Wakuu walipamba nyumba zao kwa pembe za ndovu. Na waliochimba magofu ya Samaria katika miaka ya 1930 waliona vipande vingi vya pembe zilizochorwa. Ibada nayo haikupungua.

Kwanza nabii alitaja maovu ya mataifa ya jirani: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Kisha akaitaja Yuda, na mwisho akawageukia Waisraeli wenyewe. Walikosa nini? Maskini aliuzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Kipimo cha nafaka kilipunguzwa, jiwe la kupimia fedha likaongezwa uzito, na takataka za ngano zikauzwa kama ngano. Mfanya biashara aliishika Sabato, huku moyo wake ukiingoja iishe. Kwa hiyo Mungu alizikataa sadaka zao.

Kwa Kiebrania haki huitwa tsedaka. Na neno letu sadaka, tulilolipata kwa Waarabu, ni la shina lilo hilo. Hapo pana fundisho. Atoaye kwa mkono wa kuume kitu alichokidhulumu kwa mkono wa kushoto, hajatoa neno. Tena hasira ya Mungu si uchungu wa mtu aliyechokozwa. Kama Mungu asingekasirika, maskini yule aliyeuzwa angemlilia nani?

Lakini sisi wakosaji tutasimamaje mbele ya haki hiyo? Mwaka 1545 Martin Luther aliandika jinsi alivyolichukia hapo kwanza neno hili, haki ya Mungu, akidhani ni ya kuadhibu tu. Ndipo alipoitafakari Warumi 1:17, mahali Mtume Paulo alipolishika neno la nabii Habakuki, akafahamu ya kuwa kwa haki hiyo Mungu humhesabia haki mwenye dhambi kwa imani. Msalabani hukumu haikufutwa. Kristo aliichukua kwa ajili yetu.

Basi tusimfanye Kristo kuwa ukuta wa kumzuia Amosi. Aliyesamehewa deni hawezi kurudi sokoni na vibaba viwili, kimoja cha kununulia na kimoja cha kuuzia. Huko Betheli kuhani Amazia alimwamuru nabii aondoke. Na yapata mwaka 722 kabla ya Kristo, Samaria ulianguka mikononi mwa Waashuri.

Sisi tungali tunayo nafasi. Kabla ya kuleta sadaka Jumapili ijayo, tuangalie kwanza mizani zetu, ujira wa watumishi wetu, na mali ya yatima tuliyowekewa mikononi. Yeye aliyetuhesabia haki atufanye kuwa watenda haki. Amina.