Je, Hesabu Yatosha?

Je, ni halali kuwaua wachache ili wengi waokoke? Swali hili lilimfikia nahodha wa Petard, manowari ya Waingereza, tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi.

Merikebu Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilichukua askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Nyambizi ya Wajapani, I-27, ikaipiga, nayo ikazama kwa dakika mbili hivi. Wengi walizama pamoja nayo. Nyambizi ikajificha chini ya wale waliokuwa wakielea. Ndipo Petard ikatupa mabomu majini, karibu na watu hao, maana merikebu nyingine za msafara zilikuwa hatarini. Nyambizi ikaibuka, na mwisho ikazamishwa. Katika watu zaidi ya 1,500 wa Khedive Ismail, waliookoka ni 200 na kidogo tu.

Wako wasemao, "Hesabu ni wazi." Sisi twasema, mtu si hesabu. Wala hatuthubutu kumhukumu nahodha, kwani kama angaliiacha nyambizi, huenda wengi zaidi wangalikufa. Lakini tendo lililolazimu halikomi kuwa la huzuni, na walioelea majini hawakuulizwa shauri. Basi atoaye amri ya namna hii asijisifu, nasi tusiosikia kilio chao tusiseme upesi kwamba ilikuwa rahisi.